Aproni Sawa, Magwanda Hapana?

Kila tangazo la usajili wa makurutu wa KDF likitoka, huku kwetu Kericho na Bomet huanza wimbo uleule: msichana akivaa magwanda ataharibika. Ati atakuwa mwanaume. Ati nani atamwoa. Wazee husema hivyo wakiwa kwenye kituo cha kununulia chai, wakingoja lori la kiwanda, na vijana waliosoma huitikia. Nimechoka na huo wimbo.

Hebu tuangalie hapo hapo kituoni. Nani amebeba chai? Mama. Amevaa nini? Aproni ya plastiki, koti la mwanaume la mitumba, gambuti za mumewe, na kikapu mgongoni. Ametoka nyumbani umande ukiwa bado kwenye majani. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia kwamba gambuti zimemwondolea uanamke. Tunamsifu, tunamwita mchapakazi. Lakini bonasi ikija Oktoba, akaunti ni ya nani?

Kwa hivyo shida si nguo. Shida ni kile kinachokaa begani. Aproni haina cheo, magwanda yana. Mwanamke mwenye magwanda hulipwa mwisho wa mwezi kwa jina lake mwenyewe, na mwanaume aliye chini yake kicheo humpigia saluti. Hiyo ndiyo inayouma, na tungekuwa wakweli tungesema hivyo badala ya kusingizia mila.

Tena si jambo geni. Wanawake wamo katika jeshi la Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, japo kwa muda mrefu waliwekwa katika kikosi chao pembeni. Fatuma Ahmed alijiunga mwaka 1983. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha Meja Jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa lote. Meja Steplyne Nyaboga alitumikia Darfur chini ya Umoja wa Mataifa, na kazi yake huko ikampa tuzo ya umoja huo ya mwaka 2020. Hao wameharibika wapi?

Sijamaliza. Nina neno pia kwa wanaovalisha majeshi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na majeshi mengi duniani yamewavalisha wanawake nguo za kuazima. Uswisi, nchi tajiri vile, ilikuwa ikiwapa wanajeshi wake wa kike chupi za kiume hadi ilipoanza kujaribu za kike mwaka 2021. Mwaka huohuo Ukraine iliwafanyisha wanawake mazoezi ya gwaride kwa viatu vya visigino, na sare ya vitani iliyokatwa kwa mwili wa mwanamke ikaidhinishwa mwaka 2023, vita vikiwa vimeshapamba moto. Kwa hivyo naiuliza Wizara ya Ulinzi yetu: kitambaa kikikatwa, kinapimwa kwa mwili wa nani? Katiba ya 2010 inataka usajili katika vyombo vya usalama uakisi Wakenya wote. Kumsajili mwanamke halafu kumpa buti na fulana ya kuzuia risasi zilizopimwa kwa mwanaume ni kumsajili nusu. Buti likimchubua mguu atachelewa, halafu mtasema, si tuliwaambia?

Na wale wanaosema msichana abaki shambani, shamba gani? Mashine za kuchuna chai zimeingia kwenye mashamba makubwa. Mei 2023 watu walizichoma huku Kericho kwa hasira ya kupoteza kazi, na bado zinachuna. Mashine moja inakalia nafasi ya wachunaji wengi, na wengi wao ni akina mama. Hata ile aproni mliyowaachia inaondoka.

Binti ya dada yangu hukimbia kila alfajiri barabara ya Silibwet, akirudi anaingia kwenye chai. Anangoja tangazo lijalo. Mzee wangu, kama una binti kama huyo, usimfichie vyeti. Mpe kitambulisho chake, mpe nauli ya kwenda uwanjani, umwache apimwe na wenye kazi yao. Wakimkataa, wamkatae kwa mbio zake. Wasimpoteze kwa sababu wewe uliogopa nguo.