KOFIA SI CHAMBO CHA KITU KIDOGO



Sheria inayomtaka mwendeshaji wa pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu ni sheria njema. Tunatanguliza neno hili ili asitokee mtu wa kutusingizia kwamba wapigania mageuzi tunatetea wavunjaji wa sheria. Shutuma yetu ni kwamba sheria hii, iliyotungwa kuokoa maisha, imegeuzwa kuwa ndoana ya kuvulia shilingi za maskini siku za kawaida, na rungu la watawala siku wanapokasirika. Katikati ya ndoana na rungu, vichwa vya Wakenya vimeachwa wazi.

Nchi hii haina upungufu wa maandishi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilirekebishwa mwaka 2012 ikatamka wazi wajibu wa kuvaa vifaa vya kujikinga. Mwaka 2015 zikaongezwa kanuni za pikipiki chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Mwaka 2016 kanuni za makosa madogo zikaliwekea kosa hili faini ya shilingi 1,000. Pamoja na hayo yote, tangu mwaka 2021 barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wahudumu wa bodaboda na abiria wao ni fungu kubwa la marehemu hao.

Wala faida ya kofia si jambo la kubishaniwa. Uchunguzi uliojumlisha tafiti 61, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mwaka huo huo wa 2008 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na nchi ikafurika pikipiki. Vijana walipewa chombo. Mafunzo, leseni na kofia bora vikaachwa vije vyenyewe baadaye.

Sasa tuulize: sheria hufia wapi? Hufia kando ya barabara. Afisa anapomsimamisha kijana asiye na kofia, sheria imempa njia iliyonyooka: amwandikie kosa lake, shauri liamuliwe kwa utaratibu, na faini iingie katika hazina ya umma. Lakini ipo njia ya mkato ambayo kila Mkenya anaijua. Noti inakunjwa, kiganja kinafunguliwa, na pikipiki inaondoka na abiria wake wawili, wote vichwa wazi. Je, usalama gani umepatikana hapo? Aliyetoa chai hana tena sababu ya kununua kofia, kwa kuwa amekwisha kununua ruhusa ya kupanda bila kofia hadi kizuizi kinachofuata. Afisa naye hana sababu ya kutamani kofia zienee, maana siku zitakapoenea, chai itakauka. Hongo imewaunganisha mkosaji na mlinzi wa sheria katika biashara moja, na bidhaa inayouzwa ni uhai wa abiria.

Anayekataa kutoa chai, au asiyekuwa nayo, hukamatiwa pikipiki ikalundikwa katika uwanja wa kituo cha polisi. Kila siku inayopita mwenye chombo anadai malipo yake, mkopo unazidi kuzaa riba, na watoto wanalala njaa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49(2), inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Ibara ya 244 inaitaka Huduma ya Polisi ijitahidi kuzuia ufisadi na kuheshimu haki za binadamu. Haya si maombi yetu. Ni amri ya wananchi kwa watumishi wao.

Kisha huja siku za rungu. Machi 2022, dereva mmoja mwanamke alishambuliwa na kudhalilishwa na wahudumu wa bodaboda katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai, Nairobi. Ulikuwa ushenzi usio na utetezi, na waliohusika walistahili kushtakiwa. Lakini Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru msako wa nchi nzima. Pikipiki zikakamatwa kwa mamia, wenye hatia na wasio na hatia wakachanganywa katika gunia moja, na baada ya siku chache msako ukasitishwa. Sheria ikarudi usingizini. Sheria inayoamshwa kwa hasira ya mkubwa na kulazwa kwa hesabu za kura haimfunzi mtu lolote ila kuogopa wakubwa.

Sisi tunaitambua tabia hiyo. Kabla ya marekebisho ya mwaka 1997, sheria ya leseni za mikutano ilisemekana kulinda utulivu wa umma. Chama tawala kikikutana palipo na bendera yake, haikuonekana, na upinzani ukikutana, ilitoka na mabomu ya machozi. Leo tazameni misafara ya kampeni. Mamia ya pikipiki hutangulia gari la mheshimiwa, abiria watatu watatu, bila kofia hata moja, na polisi wale wale huifungulia njia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Na tusijidanganye: vyama vya upinzani navyo vina misafara ya namna hiyo.

Ndugu zetu wa bodaboda nao tuwaambie ukweli. Joto, haraka na abiria anayeikataa kofia iliyovaliwa na wengine ni malalamiko ya haki, lakini hayalaini lami. Mjini Kigali, mwendeshaji na abiria wake huvaa kofia, na kazi inaendelea. Hatutamani siasa ya Rwanda; tunasema tu kwamba kofia ya abiria inawezekana katika Afrika Mashariki yetu hii. Anayetaka haki zake ziheshimiwe na polisi naye auheshimu uhai wa aliyempakia, wala asichome gari la mtu kila ajali inapotokea.

Kwa hiyo tunadai haya. Kila kosa la kofia liandikwe, na fedha taslimu zikome kushikwa barabarani. Kila kituo cha polisi kitangaze kila mwezi idadi ya makosa kilichoyaandika, na mahakama zitangaze faini zilizopokewa, ili wananchi walinganishe. Pikipiki isizuiliwe kwa kosa la kofia peke yake. Kofia zilizothibitishwa na shirika la viwango, KEBS, zipatikane kwa bei anayoimudu mwenye kipato cha siku. Na mwanasiasa wa chama chochote atakayeongoza msafara wa vichwa wazi aandikiwe kosa kama mhudumu wa Gikomba.

Mageuzi hayakukoma siku tuliporuhusiwa vyama vingi. Hupimwa pale afisa wa polisi na raia maskini wanapokutana, bila kamera wala wakili. Mahali hapo sheria itawale, na kiganja kifungwe.