Shaba iko pia katika bawa la ndege

Bandugu wachimbaji, bamama na batoto, leo tunasema juu ya shaba ambayo hakuna mununuzi anaweza kuipima kwa kilo.

Katika mushitu, ile pori nzito inayofuata mito yetu ya Katanga, anaishi ndege ambaye Wafaransa wanamwita touraco de Lady Ross. Mwili ni wa buluu iliyoiva, karibu na zambarau, mdomo wa manjano, na kichwani kishungi chekundu. Akitulia juu ya muti, humuoni vizuri. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu kama moto.

Ile nyekundu njo habari yenyewe. Mwaka 1869 mwanakemia Mwingereza, Church, alionyesha kwamba rangi nyekundu ya manyoya ya turako iko na shaba ndani. Ile shaba ni karibu 7 kwa mia ya rangi yenyewe. Ndege huyu hachimbi. Anaipata kidogo kidogo katika matunda, na matunda yanaitoa katika udongo. Wazee wetu waliokuwa wanayeyusha shaba waliitwa walaji wa shaba. Turako naye ni mlaji wa shaba, lakini nyuma yake haachi shimo. Anameza matunda ya mukuyu, anaangusha mbegu mbali, na miti inaota bila mutu kuipanda.

Sasa mushitu inaisha, na sisi wote tunajua sababu: makala, mashamba, machimbo. Hatutamwambia mama aache kupika bukari na makala, wakati umeme haufiki kwake. Lakini sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchemi. Na ile sheria si ya mukata makala peke yake. Kampuni nayo iifuate, na wakubwa wa vijiji wasiuze kando ya mto.

Tunaomba tu hivi: makala itafutwe mbali na maji, na batoto waache kumupiga turako na manati. Miti ya kando ya mto njo inashika udongo usiingie katika maji tunayochota. Shaba ya chini tunaimaliza sisi wenyewe, kila siku. Hii ya juu ya mukuyu, tuiachie batoto wetu.