Vipakiti vya Ongera ni Amana, Tusiviache Dirishani



Ndugu zangu wazazi, wiki iliyopita niliingia kumjulia hali jirani yangu hapa Nyamirambo. Jikoni kwake nikaona kisanduku cha Ongera kimewekwa dirishani, jua la mchana linakipiga, na chini yake imbabura inawaka na sufuria ya maharage inatoa mvuke. Vipakiti viwili vilikuwa vimechanwa, vikatumiwa nusu na kukunjwa. Mtoto wake mkubwa, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa mlangoni akilamba cha tatu.

Mama huyu si mzembe hata kidogo. Akinunua nyama huuliza nani amechinja. Maziwa huyachemsha mpaka yapande mara mbili. Lakini nilipomuuliza kuhusu unga ule alinijibu, "Si ni kama chumvi tu, dada?"

Hapana, si kama chumvi. Na kwa kuwa naamini nyumba nyingi zina fikra hiyohiyo, nimeona tuzungumze. Maoni yangu ni haya: unga huu tumepewa kama amana ya mtoto, na kuuhifadhi vizuri ni sehemu ya malezi, sawa na kumsitiri mtoto na kumfundisha Bismillahi.

Unga wenyewe ni nini?

Neno Ongera kwa Kinyarwanda maana yake ni ongeza. Ni unga wa vitamini na madini ambao mama huuongeza kwenye chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23. Kwa miaka mingi familia za Rwanda zimekuwa zikiupata kupitia vituo vya afya na washauri wa afya wa mitaani, wale tunaowaita abajyanama b'ubuzima. Kipakiti kimoja cha unga wa aina hii huwa na gramu 1 tu. Katika mchanganyiko unaotumiwa na UNICEF na WFP, ndani ya gramu hiyo moja kuna vitamini na madini 15. Miongoni mwake ni chuma miligramu 10, vitamini A mikrogramu 400, vitamini C miligramu 30 na zinki kiasi cha miligramu 4. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 lilipendekeza mtoto apate vipakiti 90 katika muda wa miezi 6.

Sababu ya kuhangaika hivyo tunaijua. Utafiti wa kitaifa wa 2014-2015 ulikuta watoto 38 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Rwanda wamedumaa. Ule wa 2019-2020 ukakuta 33. Kushuka ni neema, alhamdulillah, lakini 33 katika 100 ni kama mtoto mmoja kati ya watatu. Tusidhani ni wa vijijini tu. Mtoto wa mjini anayeshindishwa kwa kawunga na chai naye yumo hatarini.

Uharibifu usioonekana

Maziwa yakiharibika, pua itakwambia. Mkate ukiota ukungu, jicho litakwambia. Vitamini ikipotea hakuna kitakachokwambia. Vitamini A huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Vitamini C hudhoofishwa na unyevu na joto. Unga uliokaa miezi juani unaweza kuonekana vilevile, na mama akaendelea kuutia kwenye bakuli kila siku akidhani anamlisha mtoto, kumbe sehemu ya faida imeshakwenda. Hilo ndilo linaloniumiza: mama ametimiza wajibu wake, na mtoto hakupata haki yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufanye hivi:

Kwanza, kisanduku kikae kabatini au ndani ya kopo safi lenye mfuniko, mbali na imbabura, mbali na dirisha na mbali na ukuta unaovuja. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei, tuwe waangalifu zaidi. Kipakiti kilicholowa, kilichotoboka, au ambacho unga wake umeganda mabonge, kisitumike.

Pili, vipakiti vibaki ndani ya kisanduku chake ili tarehe ya mwisho ionekane. Wako wanaochana vyote na kumimina kwenye chupa moja ya jemu. Hilo ni kosa. Kipimo kinapotea, unyevu unaingia, na siku moja mgeni atautia kwenye chai akidhani ni maziwa ya unga.

Tatu, usiwekwe pamoja na javeli, sabuni, mafuta ya taa wala sumu ya panya.

Nne, uwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Sisi ni umma ambao Mtume wetu (s.a.w.) ametuagiza kufunika vyombo vyetu usiku. Basi kufunika na kuhifadhi si mambo mageni kwetu. Tuyafikishe tu mpaka kwenye kisanduku hiki kidogo.

Wakati wa kulisha

Nawa mikono kwa sabuni. Chota chakula cha mtoto kwenye bakuli lake, kiasi unachojua atakimaliza. Kiwe chakula laini: viazi vilivyopondwa, ndizi, maharage yaliyosagwa au uji mzito. Subiri kipoe mpaka kiwe vuguvugu. Mimina kipakiti kimoja chote, koroga, mpe ale kabla ya nusu saa kupita. Ukikawia, chuma hubadilisha rangi na ladha ya chakula, na mtoto atakikataa.

Usiupike pamoja na chakula na usiutie kwenye chakula cha moto sana. Katika aina nyingi za unga huu chuma hufunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta ili ladha yake isisikike, na joto kali huuyeyusha utando huo. Usiutie kwenye chai, maziwa wala uji mwepesi, kwa sababu utaelea na kuganda kikombeni. Wala usiutie kwenye sufuria ya familia nzima kwa nia ya kugawana baraka. Watu saba wakila sufuria hiyo, mdogo amepata sehemu moja ya saba, na wakubwa hawakufaidika na kitu.

Mtoto ambaye tayari anapewa chakula cha tiba kwa sababu ya utapiamlo mkali asiongezewe unga huu mpaka muuguzi aseme. Na kwa kuwa malaria bado ipo kwetu, unga huu uende pamoja na chandarua na kumwahisha mtoto hospitali akipata homa.

Kizuri kikizidi

Wako wanaosema kama kimoja kinafaa, basi viwili vinafaa zaidi. Tufanye hesabu. Madaktari wanasema sumu ya chuma huanza kuonekana mtoto akimeza kiasi cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na ikifika 60 kwa kilo maisha yako hatarini. Mtoto wa kilo 10 akilamba vipakiti 20 vyenye miligramu 10 kila kimoja, ameshafika kwenye mpaka ule wa kwanza. Kulamba kimoja hakutamdhuru, na jirani yangu nilimtuliza kwa hilo. Lakini mtoto aliyezoea kulamba kimoja, siku moja atakikuta kisanduku kizima.

Na kuna la hatari zaidi: vidonge vya chuma vya mama mjamzito. Kimoja huwa na miligramu 30 hadi 60 za chuma. Vidonge 10 vya miligramu 60 ni miligramu 600, yaani kile kiwango cha kutisha kwa mtoto wa kilo 10. Vingine ni vyekundu na vina utamu juu, mtoto huviona ni peremende. Marekani vidonge vya chuma viliua watoto wengi, mpaka mwaka 1997 mamlaka yao ya chakula na dawa ikaamuru viandikwe onyo. Mtoto akimeza vingi, usingoje atapike wala usimpe maziwa ukatulia. Piga 912 au mkimbize hospitali, na uchukue kisanduku mkononi.

Maneno ya mitaani

Husemwa kwamba bibi zetu walilea bila unga huu. Ni kweli, lakini bibi zetu walikuwa na dodo uani, maziwa na samaki. Unga huu haukuja kufukuza isombe, indagara, mayai wala maembe. Umekuja kuziba pengo.

Husemwa kwamba choo cha mtoto kimekuwa cheusi, basi ni sumu. Hapana, weusi huo ni chuma ambacho mwili haukukitumia. Akiharisha au akikataa kula, muulize mshauri wa afya.

Na wako wanaouliza kama ni halali. Swali hili ni la haki, tusilicheke. Vitamini A kavu viwandani hufunikwa ili isiharibike, na kifuniko hicho huweza kuwa wanga, gundi ya mti, au jelatini. Mwenye shaka aulize kituo cha afya kimetoka kiwanda gani na kina nini, kisha alipeleke jambo kwa masheikh wetu. Lakini kuupokea kwa tabasamu na kuutupa jalalani kimyakimya si uchamungu. Ni kumnyima mtoto na kumdanganya aliyekupa.

Ombi langu

Maelezo haya mama huyapata akiwa amesimama foleni, mtoto analia mgongoni, na nyuma yake wanamsukuma. Hawezi kuyashika yote. Naomba darsa za akina mama misikitini zitenge siku moja kwa jambo hili. Miongoni mwa waumini wamo washauri wa afya, tuwaalike waje na bakuli na kipakiti watuonyeshe kwa vitendo. Maimamu wetu nao wawakumbushe wanaume baada ya swala ya Ijumaa, maana baba anayejua bei ya matairi ya pikipiki yake hashindwi kujua chakula cha mwanawe kimehifadhiwa wapi.

Jirani yangu jioni ileile alihamishia kisanduku kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati la nguo. Haikumgharimu hata faranga moja. Nawe ukimaliza kusoma, nenda jikoni ukaangalie.

Allah atulindie watoto wetu na atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiiq.