Sheria Moja, Milango Miwili

Kila mwaka watahiniwa wa kidato cha nne wakishaweka kalamu chini, hubakia mtihani mmoja ambao haumo katika karatasi za KCSE. Mtihani huo ni kupata kitambulisho. Wako waliopasi masomo yote wakaja kukwama hapo.

Bila kitambulisho utafanya nini katika nchi hii? Huwezi kujiandikisha kuwa mpiga kura. Huwezi kufungua akaunti yako ya benki kama mtu mzima. Ukiomba kazi, jambo la kwanza utakaloulizwa ni nambari ya kitambulisho. Kijana asiye nacho ni kama mgeni katika nyumba ya babake.

Hebu basi tuitazame sheria yenyewe. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu cha 12 kwamba kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za kumtambulisha. Kifungu cha 47 chaongeza kwamba maofisa wa serikali wanapoamua jambo lako, waliamue upesi, kwa haki na kwa kufuata sheria. Endapo uamuzi huo utaidhuru haki yako, lazima upewe sababu kwa maandishi. Mwaka wa 2015 Bunge lilitunga sheria ya kukitilia nguvu kifungu hicho. Je, wenzangu, kuna upungufu hapo? La hasha! Maoni yangu ni kwamba hatuna uhaba wa sheria. Taabu yetu ni kuwa sheria hiyo moja, ikishafika kwenye dirisha la karani, huzaa vijisheria visivyoandikwa popote.

Ofisi hii itakuambia ulete cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, basi. Ofisi ya pili itataka karatasi ambayo ya kwanza haikuitaja kamwe. "Enda urudi wiki ijayo, mkubwa hayuko." Ukirudi, fomu zimeisha. Fomu zikija, mashine ni mbovu. Hapo ndipo mtu wa kando hukunong'onezea, "Wewe kijana, si utoe kitu kidogo tu?" Ama kweli, urasimu ndio mama mzazi wa hongo. Mlango ukiwa wazi, nani atanunua ufunguo?

Wako wenzetu waliofanyiwa mlango wao mwembamba zaidi. Kwa miaka mingi, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetimiza miaka 18 alilazimika kufika mbele ya kamati ya kumchunguza, aulizwe ukoo wake na asili ya babu zake. Kijana wa Nyeri au Machakos hakuwekewa kamati ya namna hiyo. Sheria ilikuwa moja, milango miwili. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi, huko Wajir, tangazo la kuuondoa uchunguzi huo wa ziada. Ni hatua njema. Hata hivyo, tangazo hutolewa jukwaani, bali utekelezaji uko kwa karani yule yule wa dirishani.

Watazameni pia Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge tangu enzi za Mwingereza. Sheria ya uraia ya mwaka wa 2011 iliwafungulia njia watu wasio na uraia wa nchi yoyote, walioishi Kenya tangu Uhuru, waandikishwe kuwa raia. Miaka mitano ikapita wakiwa bado wanangoja. Mnamo Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi ili wamwone Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Nauliza: ikiwa haki yao ilikuwa tayari imeandikwa, ya nini kuifuata kwa miguu mpaka Ikulu? Haki inayongoja amri ya mkubwa imegeuzwa kuwa hisani.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema nchi yetu imelia sana kwa sababu ya magaidi, na kwamba haraka haraka haina baraka. Nakubali. Hakuna asiyekumbuka tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini gaidi mwenye pesa hapangi foleni. Hununua njia ya mkato. Anayebaki juani ni mwana wa maskini, naye pia ni Mkenya anayehitaji kulindwa. Mtu achunguzwe kwa matendo yake, asichunguzwe kwa kabila lake. Tena wahenga hao hao walituambia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila ofisi ya usajili nchini ibandike ukutani orodha moja ya karatasi zinazohitajika, na karani asiruhusiwe kuongeza yake. Pili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, yenye tarehe na jina la aliyemkataa; mtu akijua jina lake litasomwa, atafikiri mara mbili. Tatu, ofisi za serikali ziulizane zenyewe. Cheti cha kuzaliwa kilitolewa na serikali, na kitambulisho hutolewa na serikali. Mbona mtoto afanywe tarishi baina yao? Vituo vya Huduma vilivyoanzishwa mwaka wa 2013 vimekwisha kuonyesha kwamba kazi nyingi zaweza kufanyika chini ya paa moja.

Wenzangu, baadhi yetu tutakuja kukaa nyuma ya madirisha hayo. Tutakuwa makarani, machifu na mawakili. Samaki mkunje angali mbichi. Tujifunze sasa kwamba mwananchi aliye mbele yako hakuja kuomba msaada. Amekuja kuchukua chake. Na ninyi mnaomaliza mwaka huu, mkifika dirishani mkaambiwa "rudi kesho", ulizeni kwa adabu, "Samahani afisa, naomba sababu hiyo uniandikie."