FENI ZA PAANI: TWATAKA HEWA, HATUTAKI UZIWI



Kuna jambo moja katika viwanda vyetu vya Bujumbura ambalo limezoeleka mno hata hatulisemei tena. Ni kelele za feni za paani, zile zinazonyonya joto na vumbi na kuvitoa nje. Zinanguruma tangu zamu ya asubuhi mpaka ya usiku, na zilizochakaa hugongagonga na kutetemesha mabati ya paa zima. Mfanyakazi akilalamika huambiwa achague: kelele au joto. Sisi twasema hilo si chaguo. Feni inaweza kutoa hewa bila kututia uziwi, na mara nyingi kazi ya kuituliza ni ndogo kuliko visingizio vinavyotolewa ili isifanywe.

Kwanza tuelewane. Hatusemi feni zizimwe. Mji wetu uko bondeni, kando ya Ziwa Tanganyika, na chini ya mabati joto la mchana halina huruma. Panaposagwa unga, panapokobolewa kahawa, panapofumwa nguo, vumbi lisilotolewa nje huishia vifuani mwetu. Lakini kelele zikizidi, wenzetu huizima feni wapate kusikilizana, kisha wanashinda wakivuta vumbi. Hivyo feni mbovu inatuumiza mara mbili: ikiwashwa inaharibu masikio, ikizimwa inaharibu kifua.

Tujue kinachopotea. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa kwa kelele havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Uziwi huu hauumi, wala hauji kwa siku moja. Huanzia kwenye sauti nyembamba: mtu anasikia kwamba mtoto wake anasema, lakini hashiki maneno. Nyumbani anaongeza sauti ya redio, barabarani hasikii honi, mkutanoni anaitikia lile asilolielewa. Watu humwona ana kiburi, kumbe ni kazi iliyomfikisha hapo.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa kukaa humo hupungua nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2 tu. Kama hakuna chombo cha kupimia, simama na mwenzako mkiwa mbali kwa urefu wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele yafaa kushukiwa kuwa imepita mpaka. Na kama masikio yanalia baada ya zamu, hiyo ni dalili ya kutopuuzwa.

Sasa tuangalie kelele zinatoka wapi. Vyanzo vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni feni yenyewe. Vumbi likigandia kwenye panga zake, upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine, na feni nzima huyumba. Beringi iliyokauka grisi hulia, na mkanda uliolegea hupigapiga. Cha pili ni vitu vilivyolegea: bolti, wavu wa kinga, na vile vibao vya bati vinavyofunguka kwa upepo wa feni. Cha tatu ni paa. Feni ikifungwa chuma kwa chuma juu ya bati jembamba, mtetemo wote huingia katika bati, nalo bati likawa kama ngozi ya ngoma. Sisi wa Burundi hatuhitaji kufundishwa habari ya ngoma: fimbo ni ndogo, lakini mlio unafika kilima cha pili.

Dawa yake haihitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Panga zisafishwe kwa zamu maalumu, si siku zikikumbukwa. Beringi zipakwe grisi au zibadilishwe, mkanda ukazwe, bolti zikaguliwe moja moja. Feni ikae juu ya boriti imara, isibebwe na bati, na kati ya fremu yake na boriti pawekwe mpira mzito. Hapa mafundi wengi hukosea: wanaweka mpira chini, halafu bolti inapita na kubana chuma kwa chuma, na mtetemo unapita humo humo. Bolti nayo ivalishwe mpira. Feni inapoungana na bomba la hewa, kiungo kiwe cha turubai, si cha bati. Mpira wa tyubu ya gari wafaa kwa kuanzia, ila joto na mafuta huuharibu, basi ukaguliwe mara kwa mara.

Lakini mtu asipande paani feni ikizunguka. Umeme uzimwe, swichi itiwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliye juu, si mezani kwa msimamizi. Tena tusisahau kwamba zile plastiki za kupitisha mwanga hazibebi mtu. Na feni iliyokuwa ikienda vizuri ikianza kugonga ghafula, huo ni wito wa hatari: panga au beringi yaweza kuwa karibu kuvunjika. Isimamishwe saa hiyo hiyo, isingojewe mwisho wa juma.

Waajiri watasema hawana fedha. Tuwajibu kwa hesabu. Feni ikipunguzwa mwendo kwa sehemu 20 katika 100, kelele zake hushuka kwa desibeli 5 hivi, na umeme inaokula hushuka karibu nusu. Ni kweli hewa nayo hupungua kwa sehemu hiyo hiyo 20. Kwa hiyo njia bora ni feni kubwa inayozunguka polepole badala ya ndogo inayokimbia, pamoja na matundu ya kutosha chini ukutani ili hewa ipate pa kuingilia. Feni inayonyonya katika jumba lililofungwa pande zote hupiga kelele nyingi na kutoa hewa kidogo. Mwajiri anayeogopa hati ya malipo ya REGIDESO angepaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono jambo hili.

Wenzetu wa mashamba ya chai wasidhani haya ni ya watu wa mjini tu. Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro kuna viwanda vya chai, na majani mabichi hayawezi kusindikwa bila kunyaushwa kwa upepo wa feni. Anayechuma kilimani hazisikii, lakini ndugu yake anayegeuza majani usiku kucha yuko karibu nazo. Masikio yao ni ya chama kimoja.

Kuna njia moja rahisi ambayo hatuna budi kuikataa isipotanguliwa na nyingine: kugawiwa vizibo vya masikio, kisha mambo yakaishia hapo. Vizibo vyema vyafaa, na anayepewa avivae. Pamba ya kawaida haifai kitu. Lakini kizibo ni kinga ya mwisho. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaohusu hewa chafu, kelele na mitetemo kazini, unaweka mpango huu: kwanza mashine na jengo virekebishwe, kisha utaratibu wa kazi upangwe upya, na pale tu hayo yasipotosha ndipo mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Majirani zetu wa Tanzania waliuridhia mkataba huo mwaka 1983. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Nao mkutano wa Shirika hilo, mwezi Juni mwaka 2022, ulitangaza kuwa mazingira salama na yenye afya kazini ni haki ya msingi, na nchi zote wanachama zapaswa kuiheshimu. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963. Haki hiyo ni yetu pia, ila haiji yenyewe hadi getini.

Basi tunataka nini? Tunataka kila kiwanda kipime kelele, na matokeo yabandikwe ukutani kwa lugha tunayoisoma. Tunataka daftari la feni, lenye tarehe ya kusafishwa na kukazwa na sahihi ya fundi. Tunataka masikio ya anayeanza kazi yapimwe, yapimwe tena kila mwaka, na majibu apewe mwenyewe. Tunataka feni mpya isinunuliwe kabla wajumbe wa wafanyakazi hawajaulizwa, maana anayekaa chini yake ndiye anayeijua. Haya yaingizwe katika ajenda ya baraza la kiwanda, na yaandikwe katika kumbukumbu.

Nasi tuna wajibu. Tuache kumcheka kijana anayevaa vizibo. Tuache kujisifu kwamba tumezoea, kwa maana anayesema amezoea kelele mara nyingine ni yule ambaye sikio lake limeanza kufa. Bolti iliyolegea tuitaje siku tuliyoiona, na anayeitaja asiachwe peke yake mbele ya msimamizi.

Hewa safi na masikio mazima si vitu viwili vya kuchagua kimoja. Juma hili, kila mjumbe aangalie juu, ahesabu feni zinazogonga, alete idadi kwa chama. Tukiwa na hesabu mkononi, tutazungumza.