Acha Kutengeneza Bango la Batman

Leo siandiki kuhusu PHP wala seva. Nina neno na vijana wetu wa Photoshop, na huenda wengine wakanikasirikia. Sawa tu.

Kila mara kuna kijana anayetaka kunionyesha "kazi zake". Anafungua kipakatalishi, na hapo kuna mabango kumi na mawili ya filamu. Batman juu ya ghorofa. Batman kwenye mvua. Batman na moshi. Rangi ni zile zile, uso wa machungwa na vivuli vya samawati, na chini kabisa kuna yale maandishi membamba ya majina ambayo hakuna anayeyasoma. Nikimuuliza, "Hii picha uliipiga wewe?" anacheka. "Na haya majina ni ya nani?" Ati aliyanakili kutoka bango lingine. "Umewahi kulichapisha hata moja?" Kimya.

Jamani, hayo si mazoezi. Mpiga picha alikwisha kufanya kazi yake huko Marekani, na taa zake, na malipo yake. Jina la filamu lilichorwa na mtu mwingine. Majina yalipangwa na mwingine tena. Ukiviondoa vyote hivyo, wewe umebaki na kazi ya kupaka moshi. Sisi waandishi wa programu tunamjua mtu wa aina hii: amenakili msimbo wa mwenzake, amebadilisha rangi ya kitufe, na sasa anaandika kwenye wasifu wake kwamba anajua lugha tano.

Najua ninachosema kwa sababu nilikuwa yeye. Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza mabango kama thelathini hivi, yote kwa kufuata mafunzo ya hatua kwa hatua: weka 45 hapa, weka 20 pale, rudia safu, tia ukungu. Kisha rafiki yangu akapiga filamu fupi, ya kweli, yenye waigizaji wa kweli, akaniomba bango. Nikaona mimi ndiye fundi. Nikafungua faili lile lile nililozoea, pikseli 800 kwa 1185, kwa sababu mafunzo yote yalianzia hapo. Hicho ni kipimo cha bango la sinema la Marekani, inchi 27 kwa 40, kilichopunguzwa kikatoshea skrini. Sikujua. Nilidhani ni kipimo cha "bango" tu.

Tukapeleka kuchapishwa, karatasi ya A1. Jamaa wa mashine akaangalia faili akasema, "Boss, hii ni ya simu." Tukamwambia achapishe tu, muda umekwisha. Fanya hesabu: A1 ina upana wa milimita 594, yaani inchi 23 na kitu. Pikseli 800 juu ya upana huo ni nukta 34 kwa inchi, na kitu cha kutazamwa kwa karibu huhitaji kama 300. Uso wa mwigizaji ulitoka kama vigae vya bafu. Hilo lingesameheka. Lakini umbo pia lilikuwa tofauti: karatasi zetu za A ni fupi kuliko la Kimarekani, kwa hiyo picha ilipojaza upana, karibu sentimita 4 za chini zilikatwa. Na chini ndiko nilikoweka majina.

Mama wa mmoja wa wasichana walioigiza alikuja siku ya maonyesho. Alisimama mbele ya bango akitafuta jina la binti yake. Nilimwona. Nikajificha nyuma ya projekta.

Mabango thelathini hayakuwa yamenifundisha kuuliza swali moja la maana: linachapishwa wapi, kwa karatasi gani, na nani anatarajia kuona jina lake?

Tukiwa bado kwenye majina. Yale maandishi membamba ya chini yana sababu. Huko Hollywood mikataba hueleza majina yawe na urefu gani yakilinganishwa na jina la filamu, ndiyo maana wasanifu huzibana herufi kwa upana ili zote zitoshee mstarini. Kijana wetu anayanakili kama urembo. Mwambie sasa aandike orodha ya waigizaji wa Kenya. Ile fonti aliyopakua bure, yenye herufi zilizopasuka kama ukuta wa zamani, mara nyingi haina ũ wala ĩ. Wanjirũ anageuka Wanjir na kisanduku kitupu. Ng'ang'a anawekewa alama iliyopinda upande usiofaa, mara mbili. Haya huwezi kuyagundua kamwe ukimnakili Batman, kwa sababu Batman hana ũ :-)

Halafu kuna suala linaloniudhi zaidi ya yote, nalo ni ngozi. Zile namba za "weka 45 hapa" zilipimwa juu ya uso wa mtu fulani, na mtu huyo kwa kawaida ni Mzungu. Si jambo jipya. Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi za kupimia rangi, na kwa miaka mingi mwanamke aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa Mzungu. Ngozi nyeusi ikitoka kama doa la makaa, mashine ilihesabiwa kuwa imerekebishwa sawasawa. Kamera zimeendelea, mafunzo mengi bado. Chukua picha ya rafiki yako mweusi tititi, ongeza tofauti ya mwanga na giza kama ulivyoagizwa, tia samawati kwenye vivuli. Umbo la shavu na taya yake lilikuwa ndani ya vivuli hivyo hivyo. Umelifuta. Kilichobaki ni majivu na meno. Kisha kijana anasema rafiki yake "hatoki vizuri kwenye picha". Anatoka vizuri sana, bwana! Mweke ubavuni mwa mlango ulio wazi, mwanga uje kutoka upande mmoja, mwenzako ashike shuka jeupe upande wa pili. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao wake, kwa hiyo linda ule mng'ao wa paji la uso na shavu, usiuue kwa vichujio. Tumia dakika ishirini hapo mlangoni na utakuwa umejifunza kuliko Batman wote kumi na wawili.

Kuna watakaosema, "Lakini hata wachoraji wakubwa walianza kwa kunakili." Ni kweli, na sina ubishi nao. Mwanagenzi wa mchoraji wa matatu hunakili mkono wa bosi wake, lakini ananakili juu ya bodi ya gari lenyewe, na akikosea herufi anapigiwa kelele na kondakta, dereva na mwenye gari kwa pamoja. Wachoraji wa Ghana wa miaka ya 1980 na 1990 walichora mabango ya filamu za kigeni kwa mkono juu ya magunia ya unga. Mara nyingine filamu yenyewe hawakuwa wameiona, wakabuni. Mabango hayo leo yanauzwa kwenye majumba ya sanaa ya nje. Walichukua jina tu, picha wakaitoa kichwani mwao. Ukitaka kunakili, mnakili Saul Bass, yule wa Vertigo ya 1958 na Anatomy of a Murder ya 1959. Chukua karatasi ya rangi na makasi. Hakuna moshi wa kujificha nyuma yake, na utaona haraka kama una wazo au huna.

Sasa programu. Nilijua mtauliza. Photoshop ya wizi mliyopewa kwenye fleshi ina virusi kuliko safu, na tangu mwaka 2013 Adobe imeelekeza nguvu zake kwenye kukodisha kwa mwezi, jambo ambalo mfuko wa mwanafunzi haulipendi. Tumia GIMP. Ni programu huria, ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 likiwa na vichujio unavyoweza kuvirekebisha baadaye bila kuharibu picha. Picha ishughulikie GIMP, maandishi yapange kwenye Scribus, ambayo inaelewa rangi za CMYK na kutoa PDF ambayo mchapishaji hataikataa. Inatosha. Sitaki ugomvi wa programu gani ni bora, maana ugomvi huo ni njia nyingine ya kukwepa kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Chagua filamu ya Kenya uliyoitazama mpaka mwisho. Kwa mfano Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012. Mwas anauza DVD za sinema za kigeni kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaangukia kwenye genge. Usiguse picha hata moja ya filamu hiyo. Kaa chini na kalamu uulize: mtu anayeishi nusu jukwaani na nusu kwenye wizi anaonekanaje? Ana mikono ya nani? Kisha mtafute rafiki, mlango, na saa kumi na moja jioni.

Fungua faili la A2, pikseli 4961 kwa 7016. Kompyuta yako italalamika, na ina haki: hizo ni pikseli karibu milioni 35, baiti 4 kila moja, yaani megabaiti 139 kwa kila safu. Safu kumi ni gigabaiti 1.4 kabla hujaanza kutengua makosa. Utajifunza kuwa na safu nne. Hiyo nayo ni nidhamu ambayo hakuna fomyula ya "weka 45" itakupa. Acha pembeni nafasi ya alama ya uainishaji ya KFCB, yaani GE, PG, 16 au 18, na uandike majina yote kwa tahajia ya wenyewe. Wapigie simu uwaulize.

Ukimaliza, nenda saiba uchapishe A4 moja, nyeusi na nyeupe tu. Libandike mlangoni mwa ploti yenu asubuhi, urudi ndani, usiseme kitu. Jirani akipita bila kugeuka, anza upya. Akisimama na kukuuliza, "Inaonyeshwa lini hii?" basi linafanya kazi, na hapo ndipo utakapogundua kwamba hukuacha nafasi ya tarehe.