Waacheni Wasome

Lipo neno linalozunguka katika sharika zetu za nyanda za kati, kuanzia Mpwapwa hadi Bahi, nalo husemwa kwa upole mwingi hata watu hulidhania kuwa fundisho: kwamba Mkristo hana haja na riwaya. Riwaya ni mambo ya kubuni, kubuni ni kudanganya, na baba wa uongo tunamjua. Ukiwabana kidogo wasemaji wa neno hilo, wao wenyewe hulegeza kamba. Hadithi ya mlevi aliyeokoka, hiyo ruksa. Hadithi ya sungura na fisi nayo ruksa, itawafaa watoto wa Shule ya Jumapili. Wanachokikataa hasa ni riwaya inayoingia ndani ya kichwa cha mtu na kukaa humo: inayotuonyesha binti akitamani, msomi akiwa hana tena cha kuamini, baba akijiambia kwamba analea kumbe anavunja. Hizo, wanasema, zinachafua roho.

Sisi tunalipinga neno hilo. Tunalipinga tukiwa ndani ya kanisa, wabatizwa na watoa sadaka kama wenzetu, kwa sababu limekwisha kutugharimu watu.

Kwanza hilo la kubuni. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakwenda na hati ya mashtaka. Alikwenda na kondoo jike mmoja ambaye hakuwahi kulala katika zizi lolote la Yerusalemu, wala bwana wake maskini hakuwahi kuishi. Mfalme aliyekuwa ameziba masikio kwa habari ya Uria aliyafungua kwa habari ya kondoo wa kubuniwa, akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Kama kubuni ni uongo, basi nabii alitumwa na Mungu kwenda kusema uongo. Yuko mzee wa kanisa aliye tayari kulisema hilo?

Na Bwana wetu je? Fungueni Injili ya Luka, msome mkitafuta jambo moja tu: nani anazungumza peke yake. Katika sura ya 12 tajiri mwenye ghala anajisemesha. Katika sura ya 15 mwana mpotevu anajisemesha katikati ya nguruwe. Katika sura ya 16 wakili aliyefukuzwa kazi anapiga hesabu kimya kimya, akipima udhaifu wa mikono yake na fedheha ya kuombaomba. Katika sura ya 18 kadhi anampa mjane haki yake huku akijikiri moyoni kwamba hafanyi hivyo kwa hofu ya Mungu wala kwa kujali watu, ila amechoka kusumbuliwa. Hakuna jirani aliyeyasikia maneno hayo. Yesu ndiye aliyetupitisha mlango huo na kutuketisha ndani.

Tena hakuwasafisha kwanza. Yule kijana wa nguruwe, wazo lake la kwanza la kurudi nyumbani ni wazo la tumbo: watumishi wa baba wanakula wakashiba. Mwandishi wa vijitabu vyetu vya uinjilisti angempa machozi ya toba hapo hapo, kwenye aya ya pili. Yesu alimwacha na njaa yake, na njaa hiyo ndiyo inayotufanya tumwamini kijana yule.

Kanisa la kale lililijua jambo hili. Agostino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya 4 akiwa askofu tayari. Humo anaeleza jinsi yeye na wenzake, akiwa na miaka 16, walivyoiba mapeasi usiku. Hawakuwa na njaa. Waliyatupia nguruwe. Mwingine angemaliza kwa sentensi moja: niliiba, Mungu alinisamehe. Askofu huyu anaukalia wizi huo kwa kurasa kadhaa, anaugeuza huku na huku, anajiuliza alichokuwa anakipenda ni nini hasa: tunda, kosa lenyewe, au macho ya wenzake. Mengi ambayo waandishi wa riwaya wamefanya baadaye katika kuchimba nafsi ya mtu, askofu wa Kiafrika alikwisha kuyafanya akiwa amepiga magoti.

Hata hapa kwetu lilikuwapo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki yote, uliwatikisa watu kwa sababu waliungama mambo kwa majina yake: mbuzi huyu, mke wa fulani, chuki hii niliyoificha kwa mchungaji wangu. Leo tumebaki na kibao cha ushuhuda tu. Nilikuwa dunia, nikaja kuokoka, Bwana asifiwe. Katikati hamna kitu. Yaliyotokea kati ya baa na madhabahu hatuyajui, na tumezoea kutoyajua, hata yule mwenye ushuhuda naye ameyasahau. Mtu aliyelelewa kwa shuhuda za namna hiyo atamtambuaje mwenzake anayezama mbele ya macho yake?

Ndipo tunapofika kwa Euphrase Kezilahabi. Mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, aliyesoma seminari ya Nyegezi kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliyefariki Januari 2020. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika, na jina hilo Wakatoliki wanalijua, ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayejiona mlinzi wa maadili. Anampiga mtoto wake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume kama moto, kisha anafika mahali ambapo hakuna fimbo ya baba, na uhuru asioufahamu unamponza. Anatoa mimba. Mwisho anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha kikaja kuruhusiwa na kufundishwa. Serikali ilibadili mawazo. Baadhi ya sharika zetu bado.

Tunasema hivi kwa kuwa tunajua usharika mmoja, wala hatuutaji, ambako vijana kumi na wawili walianza kukisoma kitabu hiki pamoja kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya. Juma la tatu wazee waliwafungia chumba. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kitabu kinafundisha uasherati. Hakuna hata mmoja kati ya wazee hao aliyekuwa amekisoma. Na jambo lililowatisha zaidi, tulivyoambiwa baadaye, halikuwa Rosa. Binti mmoja alikuwa ameanza kumzungumzia Zakaria, na wenzake walielewa kwamba haongei tena habari za Ukerewe. Chumba kikafungwa. Binti yule akakosa mahali pa kumalizia sentensi yake.

Wapendwa, sisi wa Dodoma tuna aibu ya pekee katika jambo hili. Hospitali ya Mirembe iko kwetu tangu 1927. Taifa zima huleta wagonjwa wake wa akili katika mji huu. Ungetarajia Wakristo wa hapa wawe walimu wa nchi katika kujua mateso ya ndani ya mtu. Badala yake tumeligeuza jina Mirembe kuwa tusi. Tunalitupiana sokoni Majengo, tunalitupiana kwenye daladala, na tumelisikia likitumika mimbarani kuchekesha watu, huku kwenye viti vya nyuma wameketi waliotoka huko wakiwa na dawa zao mfukoni.

Na tumewahi kusimama kaburini kwa kijana aliyejinyonga. Mchungaji hakuja. Mwinjilisti alisimama mbali, kofia kichwani, kama mpita njia. Kwaya ilikatazwa kuvaa majoho, na kengele haikupigwa. Wanaume wachache walifukia haraka, mama yake ameketi chini akiwa na kanga begani, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa mawili tu: pepo wa mauti, na dhambi isiyo na toba. Ukiuliza kuhusu miezi yake sita ya mwisho, lililojulikana ni hili: aliacha kuja mazoezini, na kwaya ilimwandikia faini ya shilingi elfu moja kwa kila zoezi alilokosa. Deni lilikuwa bado daftarini siku tulipomzika.

Mwaka 1974 Kezilahabi alichapisha Kichwamaji. Anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ndugu yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, rafiki wa Kazimoto tangu utoto, na anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kupitia Sabina, ndugu wa Manase, na kisasi kinaishia katika ndoa. Kurasa kwa kurasa tumo ndani ya kichwa cha kijana anayejibu salamu, anayetania, anayekula na wenzake, na ambaye chini yake ardhi inamomonyoka. Mwishoni anajiua. Msomaji hashangai, na hapo ndipo kitabu kinapomkamata: alikuwa anaona. Sisi tuliokuwa tukiketi na yule kijana wa kwaya kila Jumapili hatukuona, na daftari la faini ndilo shahidi wetu.

Hatusemi riwaya ingemwokoa. Tunasema kwamba watu waliokwisha kukaa ndani ya Kazimoto wangemwendea nyumbani kabla ya kumwandikia faini. Sheria yenyewe haitusaidii, maana Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Akinusurika ana polisi, akifa ana kanisa linalosimama mbali. Ataongea na nani?

Wapo watakaotujibu kwamba Kezilahabi hana tumaini, kwamba Kichwamaji hakina ufufuo. Ni kweli, na hatutalificha hilo. Wapo pia wahusika wake ambao hatungempa mtoto wa darasa la nne akutane nao. Lakini Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani. Haina aya ya shukrani mwishoni, haina haleluya. Anayelia hapati jibu, na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya Zaburi walikuwa na nafasi ya kuiondoa, au kuibandikia mwisho mwema kama tufanyavyo katika vijitabu vyetu. Waliiacha, ikaimbwa hekaluni.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na hayahitaji harambee. Vijana wa Alhamisi warudishiwe ufunguo. Mzee anayetaka kupiga marufuku kitabu akisome kwanza hadi ukurasa wa mwisho, kisha aje aketi nao, asikilize hadi binti yule amalize. Wanaoandaliwa kuwa wachungaji wapelekwe Mirembe si kwa ziara ya Krismasi yenye sabuni na picha, bali kuketi na kusikiliza, siku nyingi. Na sinodi zetu zitamke, kwa maandishi, nani atakayesimama kaburini safari ijayo. Majina ya watakaokataa yaandikwe pia, katika daftari lile lile la faini.